Vyumba Sita, Duluti

Mgeni wa chumba namba nne
ameuliza tena asubuhi, papai limejaa mdomoni:
"Mama Nanyori, umekaa kwetu miaka mitano.
Sema kweli, wapi kuzuri?"

Nikamwambia ale kwanza.

Kwao nilifika na koti la kuazima,
la binamu yangu wa Akheri, vifungo viwili havipo.
Nikashuka treni, nikauona mto:
mpana, wa kijivu, umevishwa madaraja
kama bibi harusi aliyevishwa bangili
na mashangazi wasioelewana.
Mimi wa Tengeru, niliyezaliwa watalii wakipita na darubini,
simba wangu wa kwanza nilimwona Budapest,
wa mawe, amekaa darajani, theluji kichwani.
Nilimwamkia.

Nilisomea uchapaji. Wino uliingia chini ya kucha,
Kiswahili kikabaki kwenye barua za kurasa mbili
maana ukurasa wa tatu ulipandisha stempu
ikawa bei ya mkate.
Januari mto ulibeba mabamba ya barafu
yakigongana usiku mzima
kama vyombo jikoni kwa mtu aliyenuna.
Ufunguo wa bweni ulinidondoka pale.
Mto haukuuliza wa nani.
Mji ule ndivyo ulivyo: unakuonyesha kila kitu,
kisha unakupita.

Hapa ziwa ni kisahani.
Bandika maharage, lizunguke, rudi:
hayajaiva.
Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka,
na kenge anaota jua juu ya gogo
kama mwenye hati ya kiwanja.
Jumamosi kelele za soko zinapanda kilima,
ndizi, mitumba, mtu na spika yake ya dawa ya panya,
zinafika kwenye miti, zinaishia.
Hata uvumi hauna pa kutokea:
nilipoachika, mwaka tisini na sita,
habari ililizunguka ziwa mara tatu
ikarudi kwangu imenenepa.

Usidhani nalipamba. Nimelichukia.
Masika, wageni hakuna,
mashuka ya vyumba sita yananuka ukungu,
na Nanyori ananipigia kutoka Njiro: "Mama, uza."
Usiku ule naiona tramu ya manjano
inapita kando ya maji, madirisha yote yamewaka,
na ndani yake msichana mwenye koti lisilo lake
amesimama ingawa viti vipo.

Lakini mto una ng'ambo.
Miaka mitano niliitamani ng'ambo,
nikivuka, naitamani niliyotoka.
Ng'ambo ya hapa ni kwa Ndekirwa tu:
anaanika nguo, anaziona zangu,
anajua shuka lipi limetoboka.

Papai limekwisha. Mgeni anangoja.
"Kwenu," nikasema. "Kwenu kuzuri zaidi."
Akacheka, akadhani ni adabu ya mwenyeji,
akachukua kofia, akashuka majini.

Ufunguo wake ameusahau mezani,
kando ya mbegu za papai.
Nimeufuta,
nimeutundika kwenye msumari wake.