Unga wa Njano

Shangazi Onziru alitafunia upande wa kushoto,
maana kulia, ubavuni mwa ulimi, palikuwa na kidonda
ambacho kwa miezi minne tulikiita jino.

Maji ya chumvi. Karafuu. Asali ya Maracha.
Kisha daktari wa meno pale Arua akawasha tochi,
akaizima, akauliza: "Mama, tumbaku?"
Akacheka kwa nusu ya mdomo. Tumbaku!
Tumbaku ndiyo iliyonisomesha.
Ada yangu ilinukia moshi wa tanuri la Terego,
noti mojamoja, zimekunjwa ndani ya jani.

Sasa ninafanya kazi maabara, chumba cha dirisha moja
na jokofu linalokohoa kila umeme ukirudi.
Ninasaga maganda ya vitunguu ya bure kutoka sokoni,
majani ya mti mchungu ambao hata mbuzi huuzunguka,
ninaloweka katika spiriti, ninachuja, ninakausha
hadi chini ya chupa ubaki unga wa njano,
kidogo, kama alioubeba nyuki mguuni.
Flavonoidi, nikamwambia.
"Rudia."
Fla-vo-no-i-di.
Akajaribu. Ulimi ukakwama kwenye *la*,
wala si kwa ugeni wa neno.

Jumanne seli za saratani zilisinyaa kwenye sahani.
Nikampigia simu nikiwa bado na glavu:
Zimekufa!
Kimya. Kisha: "Za nani?"
Za mtu wa ng'ambo, nikasema, jina hatulijui,
alishazikwa, seli zake bado zinalishwa sukari
katika vikombe vya plastiki, dunia nzima.
"Basi mpe pole," akasema.

Sahani haina mate. Haina ini, haina figo
za kuumwaga unga huu mkojoni kabla haujafika.
Mkuu wangu aliandika *huenda* mara tatu
katika sentensi moja. Huenda:
neno lenye miguu,
linaenda, linaenda, halisemi litafika lini.

Aliniomba kijiko kimoja tu.
Nikakataa. Nikamkatia tiketi ya Kampala,
mionzi Mulago, wiki sita,
na usiku ule sikulala kwa sababu ya kijiko.

Sikumwambia nilichokiona mwezi uliofuata
nilipopima, kwa udadisi tu, jani la tumbaku:
nalo lina njano yake.
Jani lilelile. Sijui nilikasirikie vipi.

Leo kimefika kifurushi, gazeti limefungwa kwa kamba ya katani.
Majani ya mti mchungu wa nyuma ya jiko lake,
yamekaushwa kivulini kama nilivyomfundisha,
na karatasi: *Ya huyo wa ng'ambo.*

Gramu mia mbili na kumi.
Ninajaza daftari: tarehe, mmea, kijiji.
Kwenye safu ya *mkusanyaji*
kalamu inagoma, ninaitikisa,
ninaandika Onziru.