Mlango wa Chumba cha Magunia

Mama mkwe alishuka kutoka Isongole mwezi wa sita,
baridi imekaa Tukuyu kama mgeni asiyeaga.
Alikuwa na begi moja, mwavuli uliovunjika mbavu mbili,
na kiroba cha viazi kilichokuwa kinalia.

Sikuulizwa.
Kiroba kilifunguliwa sebuleni kwangu,
akatoka paka wa rangi ya majivu, sikio moja na nusu,
na Ngano wangu, aliyekuwa amelala juu ya redio,
Ngano wa miaka tisa, mwenye nyumba kuliko mimi,
akavimba mkia ukawa brashi ya kuoshea chupa.

Vilivyovunjika sitavitaja.
Chupa ya chai ya harusi yangu haipo tena, basi.

"Watazoeana," alisema Lusajo.
Ndivyo alivyosema pia kuhusu mimi na mama yake,
kisha akapanda Fuso kupeleka ndizi Dodoma.

Nikamwendea bwana mifugo kule nyuma ya stendi,
mtu wa ng'ombe, mikono inanuka dawa ya josho.
Alicheka kwanza. Halafu akaweka kalamu mezani.
"Usiwakutanishe. Mgeni mpe chumba,
mchanga wake, maji yake, mlango ufungwe.
Paka hujuana kwa pua kabla ya macho.
Macho ndiyo yenye ugomvi."

Majivu akalala chumba cha magunia,
kati ya mahindi na baiskeli isiyo na mnyororo.
Nikakata blanketi kuukuu vipande viwili:
alicholalia huyu nikampelekea yule.
Siku ya kwanza Ngano alikitemea, khaaa,
akaenda kukojolea kiatu changu cha kanisani.
Siku ya pili alikizunguka.
Siku ya nne nilimkuta amekilalia,
amefumba macho kama asiyejua ni cha nani.

Jikoni, mama mkwe alihamisha chumvi.
Nikairudisha.
Akaihamisha.
Hatukusemezana. Sufuria zilisema.

Usipa wa Matema, mkavu, bila chumvi:
sahani moja huku ya mlango, nyingine kule,
kwanza hatua tatu kutoka kwenye ubao,
kisha kila jioni nazisogeza upana wa kiganja,
mpaka kila paka akawa anasikia
meno ya mwenzake.
Yeye alilisha ndani, mimi nje.
Ilibidi tuhesabu pamoja ili zitue mara moja:
moja, mbili, weka.
Yalikuwa maneno yetu ya kwanza wiki ile.

Jioni moja, manyunyu juu ya bati,
nimechuchumaa nangoja "moja" yake, haikuja.
Ikaja sauti nyingine, ya chini, kama ya mtu anayeongea na gunia.
"Huyu ndiye aliyeniamsha.
Usiku ule baba yake Lusajo hakuamka.
Alinikanyaga kifuani mpaka nikawasha taa."

Niliutazama ubao wa mlango,
msumari mmoja, kovu la rangi ya zamani.
"Mama," nilisema,
na sikuwa na kitu cha kuweka baada ya hapo.
"Moja," akasema yeye.

Siku ya kumi na moja tuliubana mlango kwa tofali,
ufa wa vidole vinne.
Mguu wa kijivu ukapenya, ukapapasa hewa.
Ngano akaunusa muda mrefu, kama karani anayesoma risiti,
akaugusa. Bila kucha.
Mama mkwe alinishika mkono akiwa hajui ameushika.

Sasa ni mwezi wa nane, na msidhani wanapendana.
Redio bado ni ya Ngano.
Majivu amechukua kiti cha Lusajo, ambaye yuko njiani, kama kawaida.
Chumvi iko dirishani,
mahali ambapo hakuna aliyeiweka.

Jana wamepigana tena, dakika moja,
manyoya yakaelea juu ya jiko la mkaa.
Tulisimama mlangoni, yeye na mwiko, mimi na kandambili,
tukaangaliana, tukawaacha.
Kisha kila mmoja akakaa pembeni kwake
akajilamba polepole,
kama mtu anayekunja nguo za watu wengi.