Sabuni ya Mama Wawili

Yunia hutangulia, ndiye mkubwa.
Anamimina salfoniki ndani ya pipa la buluu,
nzito, hudhurungi, kama molasi ya Muhoroni,
anaituliza kwa soda
na kukoroga upande mmoja tu.
Ukigeuza mkono, asema, umeharibu.

Ikiwa peke yake, hii ina hasira.
Kila chembe imebeba chaji ileile,
na wenye chaji moja husukumana,
mafahali zizini.
Tena maji ya kisima chetu hapa Obunga yana chokaa:
chokaa humkamata mkali, humshusha,
ukabaki utando mweupe kwenye karai
na nguo bado haijalowa.

Ndipo Dorsila anakuja na kikombe cha ile ya nazi.
Hiyo haina chaji. Haina neno na mtu.
Inajipenyeza katikati ya wakali
na kila mmoja anapata pa kukaa.
Sasa wachache wanatosha
palipotakiwa kundi.

Nilifundishwa haya Maseno, na ubao, na chaki.
Nilikuwa nimeshayaona.

Miaka sita hawakusalimiana,
kila mmoja na jiko lake, na kamba yake ya kuanika.
Walikutana Russia, wodi ya wanaume,
kila mmoja na chupa yake ya uji,
na baba hakuweza kumeza hata ya mmoja.

Ovaroli yake ilirudi kutoka Kibuye
ikinuka gia na dizeli.
Wakaitumbukiza.
Kichwa cha sabuni hupenda maji, mkia hupenda grisi.
Mikia ikazama kwenye grisi, vichwa vikabaki nje,
maji yakapita chini yake, pembeni, polepole,
hadi utando ukajikunja,
ukajiviringa, ukawa tone,
na tone likaachia uzi
kama kupe aliyeshiba.

Wanaifua kila mwezi. Hakuna wa kuivaa.
Maji siku hizi hutoka karibu meupe.
Begani kuna kutu, alama ya spana
aliyozoea kuitundika hapo.
Kutu si mafuta. Hakuna mkia unaoishika.
Nilitaka kuleta ndimu.
"Iache," akasema Yunia,
na Dorsila, ambaye hubisha kila kitu,
hakubisha.

Wakaishika, huyu mikono, yule miguu,
wakaikamua,
mmoja akisokota kulia, mwingine kushoto.