Mashine ya Tatu

Niliijua harufu ya baba
kabla sijaujua uso wake:
tamu, kali kidogo puani,
kama lozi zilizosahauliwa juani.

Alichapa magazeti ya picha, Bergamo,
mashine ya tatu, zamu ya usiku.
Midomo myekundu ya waigizaji
ilipita chini ya kiganja chake, elfu kwa elfu,
wino ukikauka papo hapo,
maana benzeni haina subira.
Madirisha hayakufunguliwa. Baridi huikunja karatasi,
na karatasi iliyokunjika ni hasara.
Mapafu hayakuwemo katika daftari la hasara.

Kilipolia king'ora cha alfajiri
alichovya mikono hadi viwiko
ndooni, ileile ya kusafishia rola,
akaitoa safi kama ya padri.
"Tazama, Ornella, sabuni gani iwezayo hivi?"
Nami nikakibusu kile kiganja.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Mama alikifua kila Jumamosi,
akakianika jikoni,
akakipiga pasi.

Mwaka wa kumi na moja madoa yakaanza:
zambarau mkononi, kijani pajani,
na hakuna aliyempiga.
Mama alishuku pombe. Kisha ngazi. Kisha mwanamke.
Akiuma mkate, mkate ukabaki na damu.
Baldassarre wa mashine ileile
tulikuwa tumeshamzika Januari.
"Damu imemwishia," walisema,
kama mtu asemavyo mafuta ya taa.

Daktari wa kwanza aliuliza kama analala vizuri.
Wa pili, kama babu yake aliugua.
Wa tatu alikuwa binti mwembamba wa Sardinia,
Dakta Efisia Murru.
Aliigeuza mikono ya baba, akazitazama kucha,
akauliza: "Unanawia nini?"
Chumba kikanyamaza.
Nikajibu mimi, miaka tisa, kwa fahari:
"Inanukia vizuri!"
Akaandika. Sijaona tena mtu akiandika polepole vile.

Uboho wako, alimweleza, nao ni kiwanda,
na sasa kinachapa vibaya:
chembe nyeupe, nyeupe, nyeupe,
changa, zisizojua kazi,
zinasukumana mishipani
hadi nyekundu hazina pa kupita.
Baba alielewa mara moja.
"Basi zimeni mashine," alisema.
Hakuna aliyejua swichi iko wapi.

Kiwanda kilituma shada la maua
na barua yenye maneno mawili ya maana:
bahati mbaya.
Muhuri wake ulikuwa mwekundu, umekauka vizuri.

Jana, katika soko la vitu vikuukuu,
nilinunua gazeti la mwaka ule.
Nyekundu bado ni nyekundu.
Nililinusa ukurasa kwa ukurasa
muuzaji akinikodolea macho.
Vumbi tu.
Benzeni haikai. Hupanda hewani, ikaenda zake,
haidaiwi chochote na karatasi.

Mimi hupimwa damu kila mwezi wa tatu.
Namba ni nzuri.
Nazisoma mara mbili.