Kanda Sita za Alberta

Mwalimu Ndahani alikuwa na chaki tatu
na Alberta ina kanda sita.
Nyeupe akaipa Milima ya Rocky.
Kijani akaigawa: akikandamiza, msitu;
akipapasa, nyika.
Nyekundu ilikuwa imebaki kama kipande cha ukucha.
Akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Andikeni," akasema,
nasi tukaandika, Bahi, Oktoba, saa nane mchana,
bati likilia kwa joto.

Moja, milima. Kileleni theluji haikauki.
Chedego, aliyelala tangu kuitwa majina, akainua kichwa:
"Mwalimu, theluji inakauka au inayeyuka?"
"Andika inayeyuka."

Mbili, vilima vilivyopiga magoti mbele ya milima.
Hapo niliivuta Chenene karibu,
nikaivisha misonobari. Haikumkaa.
Tatu, nyasi: ngano mpaka jicho lichoke,
na upepo wa moto unaoshuka kutoka milimani
ukala theluji kwa usiku mmoja.
Wetu nao ni mlaji.
Mwaka juzi ulikula paa la zahanati
na kuku wawili wa mganga.

Nne, mahali ambapo nyasi na miti
hawajaamua nani mwenye nyumba.
Tano, msitu wa kaskazini, na tope lake limezalo buti.
Nikakumbuka vichaka vya Itigi:
mbuzi wa mjomba waliingia kumi na wanne,
wakatoka tisa, mmoja bila kengele.

Sita, Ngao. Mwamba mtupu,
mkongwe kuliko samaki wa kwanza.
Mwalimu alilitamka taratibu, kama jina la mkwe.
Mimi nikacheka ndani ya kiganja,
maana bibi anaanika mlenda juu ya mawe ya rika hilo
na anajua lipi linakausha kwa siku moja,
lipi linataka mbili.

Kisha, bila kuhesabu: "Kuna na sehemu
wanayoiita Ardhi Mbaya. Maji yaliichana."
Akaingiza mkono mfukoni.
Ile nyekundu ilitosha mistari minne,
ikaishia kwenye kidole chake.
Nikaijua palepale.
Mama amezaliwa Haubi, huko Kondoa,
ambako korongo lilimeza nusu ya shamba la babu,
ile nusu yenye mbaazi,
na babu akaendelea kuilipia kodi.

Mtihani nilipata tisa kwa kumi.
Moja ilikatwa kwenye kanda ya nne:
niliotesha migunga.

Jioni nilimsomea baba zote sita
kwa sauti ya darasani.
Alikuwa anasuka kamba ya ndama,
ncha moja kaibana kwa kidole gumba cha mguu.
Alisikiliza milima, akasikiliza Ngao.
"Na ng'ombe wanakunywa wapi?"
Nikapekua mbele, nikapekua nyuma.
Haikuandikwa.
"Muulize," akasema, akakata uzi kwa meno.

Sikumuuliza. Mwalimu alikuwa ameshavuka
kwenda kwenye mbao za mkoa mwingine,
na chaki ilikuwa moja.

Alfajiri tulishuka mto Bubu, ambao mwezi huo
ni barabara ya mchanga yenye kingo.
Baba akavua shati, akapiga magoti, akafukua.
Kanda ya kwanza, nikasema moyoni:
mchanga mweupe, unateleza, hauna habari.
Ya pili, mchanga wa rangi ya chai,
wenye mizizi membamba ya kitu kilichokufa juu.
Ya tatu, baridi. Mkono ukazama hadi kwapa,
shavu lake likalala juu ya mto,
akatulia hivyo
kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani.
"Nyemo, leta kibuyu."

Ya nne sikuwahi kuitaja.
Ndama alishaingiza pua.