Daftari la Maji

Hilarión Quea hakupigana vita.
Alikuwa karani wa maji mjini Tacna:
Jumatatu, shamba la mjane Copaja, saa mbili;
Jumanne, mizeituni ya padri, saa tatu kasorobo;
na afunguaye lango usiku kwa wizi
faini yake kuku wawili.

Mizinga ililia mlimani siku moja tu.
Jioni wakaja askari wa Chile, vumbi hadi kwenye kope,
wakaomba maji.
Akawapa. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa kulala:
"Wageni. Ndoo arobaini. Hazijalipwa."

Mshindi hakuhamisha mto, alihamisha muhuri.
Akaja jaji mpya, ikaja sarafu mpya,
na ramani ambayo mpaka wake ulichorwa kwa penseli,
maana mkataba ulisema: miaka kumi,
kisha wenyeji wapige kura.

Kumi ikapita.
Ikapita ishirini, na masanduku ya kura
hata mbao zake hazijapasuliwa.
Shule ya mwalimu Liendo ikapigwa kufuli;
akafundishia jikoni kwa mjane,
watoto wakiitaja Peru kwa mnong'ono
kama jina la maradhi.
Usiku mmoja mlango wetu ukachorwa msalaba mweusi.
Babu akaupaka chokaa,
akavaa koti, akaenda kazini
kwa serikali ileile isiyouliza nani kauchora.

Naulizwa hadi leo: alikuwa msaliti?
Sijui.
Najua alisema mahindi hayangoji mabalozi.

Mwaka wa ishirini na tisa wakubwa walikata shauri:
Tacna huku, Arica kule.
Shangazi Eduvigis, mke wa fundi wa reli,
akawa wa kuombewa kibali aje mazishini.
Mfereji nao, ambao hausomi,
ukaendelea kupita nchi ya watu
ukiyaleta maji nyumbani.

Bendera ikapita barabarani, ndefu,
imeshikwa na wanawake waliolia bila sauti.
Meya mpya akalifunua daftari, akauliza:
"Mbona jina la jamhuri halimo?"
Babu, mikono ikimtetemeka, akalivuta kwake,
akachovya kalamu:
"Wenyeji wamerudi. Ndoo sitini. Hazijalipwa."

Na chini yake, kwa wino uleule:
"Lango la Copaja linavuja. Nilishasema."