Kiasi na Asili

Mwalimu Shemboza alitufundisha sehemu
kwa chungwa la Muheza: namba ya juu kiasi,
ya chini asili. Tukala chungwa, tukasahau.

Leo, ghorofani Bombo, feni ikigugumia,
juu naandika tuliowaona.
Majina yao yamo daftarini,
makohozi yao yamepita kwenye hadubini ya Zaina Kihiyo,
asemaye vijidudu vile ni nyuzi za kanga
zilizochomoka upindoni.

Chini naandika wanaodhaniwa wapo.
Hakuna aliyewahesabu. Wamekadiriwa
na wenye akili zao, walioketi mbali,
nami sina ubishi nao.
Robo tatu na ushei, nasema.
Mkuu anataka tarakimu moja baada ya nukta.

Basi nukta naiweka,
na nyuma ya nukta nasikia korona ya Ngomeni
ikisaga mkonge. Semkiwa anakohoa, mwezi wa saba huu.
Wenzake wanasema vumbi. Mkewe, vumbi.
Nyapara, vumbi. Na yeye mwenyewe
alitema akaona wekundu,
akaufukia kwa kisigino.

Yumo chini. Juu hayumo.

Mwaka huu asilimia imepanda. Tulipiga makofi,
tukanywa soda. Zaina peke yake aliuliza:
tumeona wengi zaidi,
au tumedhani wachache?
Mtu akainuka, akafungua dirisha.

Sikuwaambia habari za shangazi Mwanamkasi,
Makorora, aliyenunua dawa ya kifua dukani
chupa baada ya chupa, akizipanga tupu dirishani
hata mwanga wa asubuhi ukawa unaingia kwake
na rangi ya chai.
Tulimzika Ijumaa. Cheti kiliandikwa homa.
Humwoni popote kwenye hesabu yangu,
labda kwenye ule mstari mfupi kati ya namba mbili,
ambao mimi huuchora kwa rula, polepole,
kama mtu anayemvuta shuka aliyelala.

Kesho pikipiki ya idara inakwenda Ngomeni.
Nimeomba kiti cha nyuma.
Nimepakia vikopo arobaini na vifuniko vyake,
vinagongana ndani ya kiroba.
Dereva ameuliza vya nani vyote hivyo.
Nimemwambia: vya watu wa chini.